GRE, sehemu ya lugha: sisi tuliosoma kwa Kifaransa tufanyeje?

Kutoka: Mdogo wenu wa Kamalondo

Yambo yenu bote, bayaya na bapapa.

Mimi bado niko hapa Lubumbashi. Yaya wangu, yaani mkubwa wangu, aliye Texas ndiye aliyeniingiza kwenye orodha hii ya barua pepe, akaniambia niulize bila haya. Nimemaliza licence (shahada ya kwanza) ya jiolojia na ninaomba masta Marekani, upande wa maji ya chini ya ardhi. Vyuo viwili kati ya vitatu nilivyochagua vinataka GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu, wenye hesabu na lugha ya Kiingereza.

Hesabu hainitishi. Kinachoninyima usingizi ni ile sehemu ya lugha. Wiki iliyopita nilifungua maswali ya mazoezi, nikasoma sentensi ya kwanza mara nne, na kati ya maneno matano ya kuchagua nilijua mawili tu. Kiingereza changu ni cha shule na cha Kasumbalesa, cha kuelewana na madereva wa malori wanaotoka Zambia. Nina miezi minne. Rafiki amenipa orodha ya maneno 3,500 nikariri. Nianze nayo?


Kutoka: Mama wa Katuba, Des Moines

Mdogo wangu, orodha hiyo ifunge kwanza. Kazi hiyo niliifanya mimi. Miezi mitatu nilikariri maneno 40 kwa siku kwenye basi la kwenda kazini, na siku ya mtihani nikapata 147, kwenye kipimo kinachoanzia 130 na kuishia 170. Nilikaa garini nikalia. Mara ya pili nilipata 156, na hapo katikati sikuongeza hata maneno mia tatu. Nilichofanya ni kuacha kujifunza kama mtu aliyekuja mikono mitupu.

Angalia maneno haya: "loquacious", "laconic", "taciturn", "ephemeral", "pusillanimous", "magnanimous", "obsequious". Haya ndiyo Wamarekani wenyewe wanayaandika kwenye kadi na kuyakariri usiku. Wewe uliyepita humanités (sekondari yetu) unayo tayari: loquace, laconique, taciturne, éphémère, pusillanime, magnanime, obséquieux. Mwalimu wako wa Kifaransa alishakulipia. Kwa hiyo siku mbili za kwanza pitia orodha yako haraka, na kila neno unalolitambua kwa Kifaransa liwekee tiki, uendelee mbele. Usilale nalo.

Halafu rudi uzikague tiki zako, maana humo ndimo nilimoanguka mimi. Kuna maneno yanayofanana sura na Kifaransa na maana yake imehama, na mtihani huu unayapenda mno. "Fastidious" nililisoma kama fastidieux, kitu cha kuchosha. Kwa Kiingereza ni mtu anayechagua sana, asiyeridhika mpaka kila kitu kiwe sawasawa. "Versatile" kwa Kifaransa ni kigeugeu, leo hivi kesho vile. Kwa Kiingereza ni sifa, mtu anayeweza kazi nyingi. "Candid" si candide asiyejua ubaya wa dunia, huyu anasema ukweli bila kuficha. "Sanguine" ni mwenye matumaini, wakati sanguin yetu inakupeleka kwenye damu na hasira za haraka. "Deception" ni udanganyifu, wala si déception ya moyo kuvunjika. Na "eventually" ni "mwishowe", wakati éventuellement ni "pengine". Hilo la mwisho peke yake linaweza kukugeuzia habari nzima: mwandishi anasema jambo lilitokea mwishowe, wewe unasoma kwamba huenda lilitokea.

Mimi nilikuwa na daftari la kurasa mbilimbili. Kushoto neno la Kiingereza ndani ya sentensi nzima, kulia maana yake kwa Kiswahili, na chini, kwa kalamu nyekundu, lile neno la Kifaransa linalonidanganya. Nasema kwa Kiswahili makusudi. Ukitafsiri kwa Kifaransa, neno la uongo linarudi kukaa palepale ulipolifukuza.

Kundi jingine hakuna anayekuonya juu yake, nalo ndilo lililonigharimu zaidi: maneno madogo unayodhani unayajua tangu darasa la kwanza la Kiingereza. "Flag" ni bendera, sivyo? Kwenye mtihani ni kulegea, kuishiwa nguvu. "Brook" ni kijito. Kwenye mtihani ni kuvumilia, na karibu kila mara ni kutovumilia. "Cow" ni kumtisha mtu mpaka anywee. "Temper" ni kupunguza makali. Na "qualified praise" si sifa za mtu aliyehitimu, ni sifa zilizowekewa masharti, sifa nusu. Kifaransa hakitakusaidia sana hapa. Haya ndiyo ya kuyakariri, na hayafiki 3,500.

Sasa jinsi ya kujibu. Kuna maswali ya pengo moja lenye maneno sita, na unachagua mawili yanayoifanya sentensi iwe na maana ileile. Ukipata moja ukakosa la pili, hupati kitu. Nikutungie mfano:

"Although the governor was known for his long speeches, his answer that day was ___."

Maneno sita: laconic, verbose, candid, terse, fastidious, prolix.

Mkono wako ufunike maneno hayo kwanza. Soma sentensi, ujaze pengo kwa Kiswahili, kwa sauti kama unaweza. Gavana anajulikana kwa hotuba ndefu, sentensi imeanza na "although", yaani "ingawa", basi siku hiyo jibu lake lilikuwa fupi. Sasa funua mkono utafute neno la kusema "fupi". Laconic, umeipata. Terse, ndiyo mwenzake. Ona sasa mitego: "verbose" na "prolix" ni pacha kabisa, zote ni maneno mengi, zimewekwa pale zimngoje aliyesoma "long speeches" akasahau "although". Na "candid" inamngoja mtu aliyesoma shule zetu.

Kujaza pengo kwa Kiswahili kabla ya kuangalia majibu, hilo ndilo lililonitoa 147. Kichwa kikiwa na jibu lake hakiyumbishwi na maneno mazuri.

Kwenye maswali ya mapengo mawili au matatu usilazimishe kuanza na la kwanza. Anza na lile ambalo sentensi imeshakupa jibu lake.

Habari za kusoma ni karibu nusu ya sehemu ya lugha, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu wewe ni mwanajiolojia. Siku moja utapewa habari ya miamba au ya maji ya ardhini, utafurahi, na hapo ndipo pa kuogopa. Sisi tumelelewa kumwonyesha mwalimu tunachojua. Mtihani huu hautaki unachojua, unataka kilichoandikwa kwenye aya ile. Mimi ni muuguzi. Nilipewa habari ya homa, nikajibu kwa ujuzi wangu wa hospitali, na kwenye mazoezi maswali matatu kati ya manne yakawa makosa. Mwandishi alikuwa ameleta wazo la watafiti fulani ili alipinge, mimi nikalichagua kwa sababu nilijua ni kweli.

Kwa hiyo ukisoma, kila sentensi jiulize: nani anasema hapa? Mwandishi mwenyewe, au anawasemea wengine? Na anakubali au anajiandaa kukataa? Maneno ya kugeuza njia yazungushie duara: "however", "yet", "nevertheless". Kuna moja la kukupoteza, "to be sure". Halimaanishi kuwa na hakika. Ni certes yetu ya dissertation: anakubali kidogo, halafu "lakini" inakuja nyuma. "Granted" nalo ni hivyohivyo. Ukiona "to be sure", sentensi inayofuata ndiyo yenye msimamo wake.

Muda: tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, mzima haufiki saa mbili. Sehemu ya lugha ina vipande viwili, maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Ni kama dakika moja na nusu kila swali. Ukifanya vizuri kipande cha kwanza, cha pili kinakuja kigumu zaidi, na ni heri, usiogope ukikiona kigumu. Kosa halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache swali tupu. Unaweza kuliwekea alama ukarudi, mradi bado uko kwenye kipande hichohicho. Mimi mara ya kwanza nilikaa dakika nne kwenye swali moja la mapengo matatu, nikakosa muda wa maswali mawili rahisi ya mwisho.

ETS, wenye mtihani wa GRE, wanatoa mitihani miwili ya mazoezi bure, inaitwa POWERPREP. Mmoja ufanye wiki hii ujue ulipo, hata kama alama zitakuumiza. Wa pili utunze mpaka zibaki wiki mbili.


Kutoka: Papa wa Ruashi, Kitwe

Mwanangu, mama amesema yote ya kitabu. Mimi naongeza ya makaratasi, maana nimeona vijana wetu wakikwama mlangoni.

Jina. Sisi tuna nom (jina la ukoo), postnom (jina linalofuata la ukoo) na prénom (jina la kwanza), na kila ofisi inayapanga inavyotaka. Unapofungua akaunti ya ETS, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti utakayoonyesha siku hiyo, herufi kwa herufi, wala usikate postnom kwa sababu ni ndefu. Pasipoti iwe bado na muda. Halafu tumia mpangilio huohuo kwenye maombi ya chuo na kwenye mtihani wa Kiingereza, la sivyo alama zako zitamtafuta mtu mwingine.

Mtihani unaweza kuufanyia nyumbani, mimi niliufanyia hapa Kitwe. Lakini fikiria umeme. Kama kwako unakatika jioni, chukua saa ya asubuhi, na uwe na inverta au jenereta ya jirani uliyoijaribu mapema. Chumbani uwe peke yako, mlango umefungwa. Msimamizi anakuangalia kwa kamera na atakuomba uzungushe kamera aone chumba chote. Spika za masikioni haziruhusiwi. Karatasi ya kuandikia pia hapana: ni kibao cheupe kidogo, au karatasi ndani ya plastiki inayoonyesha ndani, na kalamu ya kufutika. Mimi nilimwomba mke wangu akae kwenye lango asubuhi nzima kuwazuia watoto na wageni, kwa sababu mtu akiingia tu chumbani, mtihani unaweza kufutwa.

Na pesa ni zaidi ya dola 200. Usilipe kabla ya kuona alama ya POWERPREP ya kwanza.


Kutoka: Kaka wa Kampemba, Montréal

Mdogo wangu, mama simpingi, lakini nina neno moja. Rudi kwenye ukurasa wa kila kitivo, wala usiishie kwenye ukurasa wa chuo. Programu nyingi zimeacha kudai GRE miaka hii, na nyingine zinaandika kwamba ni hiari. Kwa jiolojia mara nyingi wanaangalia hesabu zaidi. Ukiona ni hiari na alama ya lugha haijapanda, hulazimiki kuituma. Andikia ofisi ya kitivo uwaulize, wanajibu.

Pia usichanganye GRE na TOEFL. Wewe uliyesoma kwa Kifaransa utadaiwa mtihani wa Kiingereza hata pale GRE imefutwa, na hapo kuna kusikiliza na kuzungumza. Kama miezi minne haitoshi kwa yote mawili, TOEFL itangulie.

Ukikosa mara ya kwanza, unaweza kurudia GRE baada ya siku 21, mpaka mara 5 ndani ya miezi 12, na unachagua alama zipi chuo kizione. Zinadumu miaka 5.


Kutoka: Mdogo wenu wa Kamalondo

Asanteni sana, yaya, papa, kaka. Nimeziweka barua zenu kwenye simu, nazisoma nikiwa kwenye teksibasi.

Kaka, niliandikia vitivo viwili. Kimoja kimejibu kwamba GRE ni hiari kuanzia mwaka huu. Cha pili bado wanaitaka, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo naendelea. TOEFL nimeipangia tarehe ya kwanza.

Yaya, POWERPREP nimeifanya Jumapili baada ya misa, umeme ulikuwepo mpaka mwisho. Lugha 144. Nilipitia makosa yangu na daftari mkononi kama ulivyosema. Matano yalikuwa ya Kifaransa kunidanganya. Moja lilikuwa "inhabited". Nilisoma inhabité, nikaelewa kwamba bonde halina watu, na maswali yote matatu ya habari ile yakaenda na maji.


Kutoka: Mama wa Katuba, Des Moines

144 kwa siku ya kwanza bila maandalizi, mdogo wangu, si mbaya ukilinganisha na 147 yangu baada ya miezi mitatu ya kukariri. "Inhabited" hata mimi sikuwa nayo, nimeiandika kwa nyekundu.

Nitumie sentensi tano kila Jumamosi, zile ulizokosa tu, pamoja na neno la Kiswahili ulilojazia pengo kabla ya kufunua majibu. Jumamosi sina zamu, nitakujibu kabla ya saa sita za usiku za huko kwenu.