Bolti ya shokapu ya mbele imekatikia ndani, naomba ushauri

Wakuu habari za jioni. Jana fundi alikuwa anakaza bolti inayobana shokapu ya kulia ya boda yangu, pale kwenye kibano cha chini ya usukani. Spana kaiongezea bomba (nilimwambia taratibu!), ikalia tak, kichwa kikabaki mkononi. Kipande kimezama kama milimita 3, plaizi haishiki.

Yeye anataka kuchomelea nati juu yake aifungulie hapo. Naogopa, kibano chenyewe ni cha aluminiamu. Mwingine anasema tutoboe katikati, kikigoma tuchonge uzi mpya na kuweka bolti nene zaidi. Aliyewahi kukutwa na hili alifanyaje? Nimeipaki, shokapu kuteleza nikiwa na abiria mteremkoni sitaki hata kuwaza.