Aliyezuia mlango wangu kwa mtungi wa kuzimia moto ameandika kwamba "nyumba haina usalama"

Wanajamvi, ninawasalimu, ingawa salamu yenyewe naitoa nikiwa nimekunja uso. Yule mgeni mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila anayepangisha nyumba kwa siku chache ameshampokea au yumo mbioni kumpokea: ni yule ambaye kabla ya kufika anauliza kama mlango una komeo, kama madirisha yanafungika na kama taa ya nje inawaka usiku kucha, kisha akishafika anaacha kila kitu wazi na kuzima taa.

Ameondoka leo asubuhi. Nilipokwenda kukagua nilikuta mlango wa mbele umeachama, umezuiwa usijifunge kwa mtungi wa kuzimia moto, ule wa poda kavu ambao niliufunga ukutani kwa skrubu karibu na njia ya kutokea, mbali na jiko, ili mtu asilazimike kuupita moto ndipo aufikie. Aliufungua mkanda wake, akaubeba, akaulaza kizingitini, akaenda zake. Sijui mlango ulikaa hivyo kwa muda gani, lakini upepo ulikuwa ukiingia bila kubisha hodi, na ninaamini wezi waliopita hapo waliogopa kuingia wakidhani ni mtego wa polisi.

Nikiwa bado nimeinama kuuokota, simu ikalia. Ilikuwa tathmini yake: nyota mbili na sentensi moja, "Nyumba haina usalama."

Nyumba haina usalama! Mtungi wangu umelala kizingitini, naye ananiandikia kwamba nyumba haina usalama!

Kitasa changu ni cha namba, na kila mgeni hupewa namba yake inayoanza kufanya kazi saa ya kuingia na kufa saa ya kuondoka, ili wa jana asirudi kumtembelea wa leo. Huyu bwana aliiandika namba hiyo kwenye karatasi, akaibandika juu ya kitasa chenyewe, tena akachora na mshale, jambazi asije akapata taabu ya kutafuta. King'ora cha moshi cha sebuleni nilikikuta kinaning'inia kikiwa kitupu, na betri zake nikazikuta ndani ya rimoti ya televisheni. Mtu huyo huyo, akiwa na akili zake timamu, alishika simu akaandika kwamba nyumba haina usalama. Ni kweli haikuwa nao, tangu alipoingia yeye mpaka alipotoka.

Nawasilisha.

Kufuli Kubwa: Pole sana, mkuu. Kabla hatujaendelea kulaani, naomba uutazame huo mtungi. Kama pini au lakiri yake imeguswa, au mshale wa kipimo umetoka kwenye rangi ya kijani, usiurudishe ukutani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtungi wa poda ukishabonyezwa hata kidogo tu, chembe za poda zinaweza kunasa kwenye vali na presha ikavuja polepole, nawe utakuja kuuhitaji siku ambayo hauna hata pumzi.

Mpangishaji Mstaafu: Nimeusoma uzi huu kwa makini nikitafuta swali, sikuliona. Nilichokiona ni sentensi ya mgeni ikirudiwa kwa alama za mshangao. Mleta uzi, mtu anayeiba betri za king'ora huwezi kumtibu kwa tathmini. Nunua king'ora chenye betri iliyofungiwa ndani, inayodumu miaka 10, maana hiyo haiingii kwenye rimoti ya mtu yeyote. Ukishakinunua, tazama tarehe iliyochapwa mgongoni, kwa sababu hata kikiwa bado kinalia vizuri unapokijaribu, baada ya miaka 10 kinapaswa kubadilishwa chote.

Mleta uzi: Sikuja kuuliza swali, mzee wangu, nimekuja kulalamika. Alikitumia kizima moto kuzuilia mlango, kisha akaandika kwamba nyumba haina usalama. Naomba watu walielewe jambo hilo moja kwanza.

Mgeni Njoo: Tumelielewa tangu kwenye kichwa cha habari. Mimi wangu alibonyeza kitufe cha nyuma ya ruta akairudisha kwenye hali ya kiwandani, eti video yake ilikuwa inakwamakwama. Kitasa kikapoteza mtandao, kamera ya mlangoni ikapoteza mtandao, nami niliyekuwa safarini nikawa mmiliki wa nyumba nisiyoiona. Tangu siku hiyo ruta inakaa ndani ya kabati lenye kufuli na matundu ya kupitishia hewa, na wageni wana mtandao wao wa pembeni usiogusana na vitasa wala kamera. Kwa hiyo, ndugu, mtungi kizingitini ni mchezo wa watoto.

Jicho la Nje: Hiyo kamera iko wapi hasa? Ninauliza kwa nia njema.

Mgeni Njoo: Nimesema ya mlangoni, kwa nje, na nimeitaja kwenye tangazo pamoja na mahali ilipo. Usianze.

Jicho la Nje: Siwezi kuacha kuanza, kwa sababu humu wamo watu wanaodhani kamera ya sebuleni ni ulinzi. Airbnb, ule mtandao wa kupangishia wageni nyumba kwa siku chache, ilizipiga marufuku kamera zote za ndani kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata kama imezimwa, hata kama mgeni ameambiwa. Za nje zinaruhusiwa zikitangazwa mapema.

Kufuli Kubwa: Ya kwangu ya nje niliitangaza, nikamwonyesha mgeni kwa kidole, naye usiku akaivisha soksi.

Mpangishaji Mstaafu: Soksi ni afadhali. Wangu aliziba kwa gundi na magazeti tundu la hewa la chumba chenye hita ya gesi, kwa maelezo kwamba baridi ilikuwa inapenya. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na king'ora cha moshi hakiitambui hata kidogo, kwa hiyo kilichomwamsha akiwa hai ni kifaa kingine kabisa ambacho nilikiweka karibu na chumba cha kulala kwa ajili ya gesi hiyo. Asubuhi alinidai punguzo la malipo kwa sababu kelele zilimkatiza usingizi. Alikatiziwa usingizi wa milele, akadai punguzo!

Mleta uzi: Hilo ni zito na ninakupa pole ya dhati, lakini wako angalau hakukuandikia kwamba nyumba haina usalama. Naomba turudi kwenye mtungi.

Karani wa Bima: Kabla hamjarudi kwenye mtungi, ni wangapi humu mmesoma mikataba yenu ya bima? Bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi haifidii hasara iliyotokea wakati nyumba ikiingiza fedha kwa wageni, hasa kama kampuni haikujulishwa. Mleta uzi, mwizi angepita kwenye ule mlango, pengine ungelipwa pole tu.

Mgeni Njoo: Huyu naye ametukuta tunalia akatuletea msiba mwingine.

Karani wa Bima: Nimeleta ukweli. Halafu, kamera ikivishwa soksi usiku, picha za usiku huo hazipo, na madai bila ushahidi ni hadithi. Kufuli Kubwa, ulimdai kitu?

Kufuli Kubwa: Ningemdai nini? Aliivua asubuhi, akaivaa, akaondoka nayo.

Jicho la Nje: Ile ile moja? Na ule mguu mwingine alilala nao umevaa?

Mleta uzi: Jamani, mtungi.

Mpangishaji Mstaafu: Subiri kidogo, mkuu, tunalitafakari hili la soksi.