Nivae nini usiku wa salsa?

Swali: Habari zenu. Ijumaa naenda kucheza salsa mara ya kwanza hapa Dar. Nina raba na gauni refu la kubana. Vitafaa?

Jibu: Dada, raba ziache nyumbani. Soli ya mpira inang'ang'ania sakafu: ukizungushwa, mwili unageuka, mguu unabaki, goti ndilo linaloumia. Mimi nilichechemea wiki mbili. Nikanunua viatu vya mtumba soko la Karume, kisigino sentimita 5, vina mkanda kwenye kifundo cha mguu, fundi akanibandikia soli ya swedi, ile ngozi laini yenye vinyweleo vifupi. Raha tupu! Ila usivivae barabarani, swedi ikilowa imekwisha. Vitie kwenye mfuko, ubadilishie ukumbini. Gauni liishie magotini, lipanuke chini. Mgongo wazi hapana. Mkono wa mwenzako unashika hapohapo, na kwa joto letu hili utateleza.

Jibu: Na hereni ndefu vua, zinanasa kwenye shati la mtu. Wanaume, tafadhali, bebeni shati la pili na taulo dogo.

Muulizaji: Asanteni sana. Fundi anachukua siku ngapi?

Jibu: Wangu alimaliza siku hiyohiyo. Mpelekee kesho asubuhi, gundi ipate kukauka vizuri.