Gesi au umeme jikoni: kila mtu anapiga hesabu, uniti 75 hakuna anayezitaja

Wakuu habari za jioni. Kuna hii kauli inarudiwa kila siku, kwamba kupikia umeme ni kujitafutia umaskini, nunua mtungi wa gesi ukae kwa amani. Mimi napinga, ila napinga kwa masharti, maana hata wale wanaotuambia umeme ni bei chee kuna kitu wanakiruka.

Kwanza semeni mko tarifa gani, yaani kundi gani la bei ya umeme, hapa ndo watu wanagombana bure. Aliye T1, wale watumiaji wa kawaida, elfu kumi inampa uniti 28, yaani kama sh 356 kwa uniti, kodi zote humo humo. Aliye D1, wale watumiaji wadogo, ni sh 100, ukiweka na makato inafika sh 122. Sasa watu hawa wawili wanapikia jiko lile lile, chakula kile kile, mmoja analipa karibu mara tatu ya mwenzie, halafu wanaitana waongo.

Chukua maharage. Presha kuka ya umeme inayaivisha kwa kama nusu uniti, maana ikishapanda moto inajikata yenyewe na joto linabaki ndani, ukiwa T1 hiyo ni kama sh 180. Kwenye gesi maharage makavu yanakaa saa na nusu hadi mbili, hata ukipunguza moto utachoma kama gramu 200, na tuseme mtungi wa kilo 15 kwenu ni elfu 58, hapo ushateketeza sh 770 kwa sufuria moja, bado hujaunga. Makande, nyama ngumu, utumbo, hesabu ni hiyo hiyo. Wa mtungi mdogo wa kilo 6 ndo anaumia zaidi maana kilo kwa kilo huwa anauziwa ghali.

Ila usije na lile jiko la koili ukasema nalo ni umeme nafuu. Lile kwa T1 linakaribiana na gesi tu, na ukiwa na sufuria lenye kitako kilichobonyea joto nusu linapotelea hewani. Na chapati jamani mi bado napikia gesi, kwa hilo sibishani na mtu.

Sasa kwenye kile wanachokiruka. Hiyo D1 mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, uniti ya 76 inaruka hadi sh 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuzidisha unahamishiwa T1. Friji, tivii, taa, pasi, feni ya huku Dar, hapo tu ushazikaribia. Ukiongeza kupika, hata uniti moja na nusu kwa siku, ushazipita. Kwa hiyo serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 yetu tuwe kwenye nishati safi ya kupikia, na yule wa kipato cha chini akitii akaanza kupikia umeme anapoteza ile bei iliyowekwa kwa ajili yake! Hiyo naona ni kama kumpa mtu nauli ya kwenda tu.

Na wapangaji je? Nyumba nyingi luku, yaani mita ya umeme, ni moja vyumba sita, mnachanga kwa kichwa, siku wakikuona unaingiza jiko la umeme ni kikao cha dharura na mwenye nyumba anakataza kabisa. Huyo gesi ataiacha vipi hata ukimpa presha kuka ya bure?

Mtu atasema mgao wa umeme. Kweli ulitutesa, ila bwawa la Nyerere sasa lipo, megawati 2,115, na umeme mwingine tunaufua kwa gesi yetu ya Songosongo na Mtwara. Hii ya mitungi inaletwa kwa meli, dola ikipanda na wewe unapanda nayo.

Msimamo wangu: kiwango cha D1 kipandishwe kutoka 75 angalau hadi 130 kwa kaya inayopikia umeme, halafu ndo tuhimizane kuacha mkaa. Anayepinga aniambie hiyo tofauti ailipe nani, shirika la umeme, hazina, au sisi wa T1? Na ukija na hesabu taja tarifa yako na bei ya mtungi ya huko uliko, wa Kigoma na wa Kinondoni hawanunui bei moja.