Tupeane uzoefu: kuangalia matokeo ya grini kadi, Jumamosi 3 Mei

mwenye_uzi
Wakuu, salaam. Matokeo ya bahati nasibu ya viza ya ukaaji wa kudumu Marekani (ndiyo grini kadi), DV-2026, yanafunguliwa Jumamosi hii tarehe 3 Mei 2025, saa 6 mchana kwa saa za Washington. Kwetu Dar, Nairobi na Kampala itakuwa saa 1 usiku. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ni saa 12 jioni, na ndugu zetu wa Muscat saa 2 usiku. Uzi huu ni wa wanaoijua kazi yenyewe: weka hatua, weka kinachokwama na sababu yake.

Naanza mimi. Pa kuangalia ni mahali pamoja tu: dvprogram.state.gov. Iandike mwenyewe kule juu kwenye brauza, usibonyeze linki iliyotupwa kwenye kundi la WhatsApp. Ukiona jina linaishia com au org, au state na gov zimeunganishwa kwa kistari, toka hapo haraka. Ukishaingia, fuata kitufe cha Check Status. Utaulizwa vitu vinne: namba ya uthibitisho (ile uliyopewa ulipojaza fomu ya kuomba), jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa, na herufi za kwenye kipicha zilizopindapinda. Basi. Ukurasa ukikuomba namba ya simu ya pesa au kadi ya benki, hujafika pale panapotakiwa.

kafe_ya_kona
Niongezee kwenye namba, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Herufi na tarakimu zake kwa jumla ni 16, na inaanza na mwaka, yaani 2026. Sifuri na herufi O zinafanana sana kwenye karatasi iliyochapwa kwa wino hafifu. 1 na I vivyo hivyo. Kama unayo kwenye simu, nakili na kubandika ni salama zaidi kuliko kuandika kwa mkono. Ila angalia mwisho wa mstari: ukinakili kutoka WhatsApp mara nyingi nafasi tupu inajibandika nyuma ya herufi ya mwisho, na mfumo unaihesabu. Ifute. Ukiambiwa taarifa si sahihi, hiyo haina maana kwamba umekosa. Maana yake ulichoandika hakilingani na kilichomo kwenye fomu.

Ukikaa muda mrefu bila kubonyeza kitu, ukurasa unaisha muda wake na unaanza upya. Kwa hiyo kuwa na vyote vinne mkononi kabla ya kufungua.

bint_pangani
Majina nayo yanasumbua, hasa sisi wa majina matatu. Mfumo unataka jina la ukoo kama lilivyojazwa Oktoba au Novemba, si kama lilivyo kwenye kitambulisho chako leo. Aliyeolewa baada ya kujaza fomu aandike jina lile la zamani. Aliyejaziwa na mtu wa stesheneri huenda jina la baba limewekwa mahali pa jina la ukoo, au majina mawili yamewekwa pamoja yakiwa na nafasi katikati. Jaribu la mwisho kwanza, kisha la kati, kisha yote mawili. Mwaka wa kuzaliwa ni hivyo hivyo: kama fomu ilikosewa, weka ule uliokosewa.

Halafu mume na mke ambao kila mmoja aliomba kwa fomu yake, angalieni namba zote mbili. Mmoja akichaguliwa anamchukua mwenzake na watoto, ilimradi walitajwa kwenye fomu ya aliyechaguliwa. Kuacha kumtaja mke, mume au mtoto aliyekuwepo siku ya kujaza ni kosa linaloua kesi mbele ya ofisa wa ubalozi, hata kama unakusudia kusafiri peke yako.

kafe_ya_kona
Na waliopoteza namba wasikate tamaa. Kwenye ukurasa ule ule kuna sehemu ya kuitafuta upya. Unachagua mwaka wa programu, unaweka majina yako yote, tarehe kamili ya kuzaliwa, na baruapepe iliyotumika kwenye fomu. Namba inajitokeza hapo hapo kwenye skrini.

Shida ni baruapepe. Mawakala wengi wanajaza ya kwao na kukaa na namba, wakisubiri Mei wakudai pesa ndiyo wakupe. Huhitaji kufungua sanduku lake la barua. Unahitaji kujua tu ni anwani ipi aliandika. Mwulize leo, kabla ya Jumamosi, angali anaongea vizuri.

bukavu_moja
Na mtandao ukigoma ile saa ya kwanza? Hapa kwetu ukurasa unabaki mweupe tu.

mwenye_uzi
Mkuu, Jumamosi usiku kila mtu yuko mlangoni kwa wakati mmoja. Hakuna foleni ya kuwahi, majina yameshapangwa. Matokeo yanakaa wazi hadi 30 Septemba 2026. Jumapili alfajiri kwa kawaida pameshapoa, na bando litakuishia kidogo. Najua hakuna atakayelala, lakini nimesema.

mzee_wa_fomu
Wanangu, tuongee kuhusu kitakachoonekana. Ukikosa, unapata aya fupi yenye maneno HAS NOT BEEN SELECTED kwa herufi kubwa. Ukichaguliwa, inafunguka barua ndefu yenye jina lako na namba ya kesi, kwa mfumo huu: 2026AF halafu tarakimu. AF ni Afrika. Ichapishe, ihifadhi kama PDF, na usiitupe ile namba ya uthibitisho, kwa sababu tarehe ya mahojiano nayo inatoka kwenye ukurasa huo huo.

Sasa isome namba ya kesi vizuri. Kuchaguliwa si kupewa viza. Kwa DV-2025 walichaguliwa watu 131,060, wakiwemo wenzi na watoto, kutoka maombi karibu milioni 19.9, wakati viza kwa mwaka hazizidi 55,000. Kwa hiyo ukishatoa zile sifuri za mbele, ile tarakimu iliyobaki ndiyo nafasi yako kwenye foleni. Kila mwezi hutoka taarifa ya viza yenye kikomo cha kila kanda. Ikiandika Afrika 20,000, wanaoitwa ni wenye namba chini ya hapo, na ambao fomu zao za DS-260 (fomu ya mtandaoni ya kuomba viza yenyewe, anayoijaza aliyechaguliwa) zimeshashughulikiwa. Mwenye namba ndogo ajaze DS-260 mapema. Mwenye namba kubwa asiuze shamba. Foleni inafungwa 30 Septemba 2026 na haivuki kwenda mwaka mwingine.

bint_pangani
Mzee, shikamoo. Ni kweli matokeo yaliwahi kufutwa?

mzee_wa_fomu
Marahaba binti. Ni kweli. Mei 2011, ya DV-2012. Watu kama 22,000 walikuwa wameshaona kwamba wamechaguliwa. Ikagundulika programu ya kompyuta ilichukua karibu asilimia 90 kutoka siku mbili za mwanzo za kujaza, wakati sheria inataka kila ombi liwe na nafasi sawa. Yakafutwa, droo ikarudiwa, na matokeo mapya yakatoka 15 Julai. Waliokuwa wametupa namba zao baada ya kukosa mara ya kwanza ndio waliohangaika. Kwa hiyo aliyekosa Jumamosi abaki na karatasi yake mpaka Septemba ya mwakani.

kafe_ya_kona
Pesa, kwa ufupi: kuangalia ni bure. Ada ya viza ni dola 330 kwa kila mtu, mtoto naye anahesabiwa, inalipwa ubalozini siku ya mahojiano na hairudishwi. Serikali yao haitumi ujumbe wa kukupongeza wala barua ya posta. Baruapepe za kweli zinaishia state.gov, na hazikuombi kutuma pesa kwa simu wala kwa wakala.

bukavu_moja
Asante sana. Kwa hiyo sisi ni saa 12 jioni. Naandika zile 16 kwenye karatasi sasa hivi, kwa kalamu, sifuri nazikata mstari katikati.