Kabati ya mvule ya babu: nikwangue vanishi yote au nipake juu yake?

NaimaJinja:
Habari zenu wandugu. Juzi tumegawana vitu vya marehemu babu, mimi nikapewa kabati ya mvule, ile ya zamani ya milango miwili na droo tatu chini, nzito mpaka vijana wanne walitoka jasho kuishusha kwenye pikapu. Shida ni vanishi. Imekuwa nyeusi imepasukapasuka kama tope lililokauka, na juu kuna duara nyeupe tatu, hapo ndipo babu alikuwa anaweka birika lake la chai tangu mimi niko mtoto. Bawaba ya mlango mmoja imelegea, na mguu wa nyuma una vitundu vidogo vidogo. Fundi mmoja hapa mtaani kaja katazama dakika mbili akasema atapitisha mashine ya msasa, apige vanishi ya giza, siku moja kazi imeisha. Mwingine ananiambia niuze tu ninunue mpya. Kuuza sitaki kabisa. Nina veranda na nina wikendi, nataka kuifanya kwa mkono wangu, naanzia wapi?

SeremalaNdeeba:
Dada Naima pole sana kwa msiba. Na usiuze tafadhali. Mimi niko Ndeeba, hapa Kampala, na mbao kila siku, mvule uliokomaa vile ukiupata leo bei inaumiza, wengi wetu tunatumia mbao za bei nafuu kama kalitunsi (mkaratusi), paini na musizi.

Mashine usikubali. Mvule ukikatwa mpya ni wa manjano, unakaa miaka na miaka ndio unageuka kahawia ya asali, sasa hiyo rangi iko juu juu tu, mashine ikikimbia inaing'oa unabaki na mabaka, huku njano huku kahawia, na kona zote zimeliwa. Halafu kama mbele ya droo wamebandika vinia, yaani ganda jembamba la mbao, utatoboa kabla hujajua.

Kwanza ujue kilichopakwa ni nini. Chukua pamba, chovya kwenye methileti spiriti, ikandamize nyuma ya kabati pasipoonekana kama dakika moja. Ikianza kunata na pamba inatoka na kahawia, hiyo ni shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti, mafundi wa zamani walikuwa wanaipaka kwa kitambaa tabaka juu ya tabaka. Isipofanya kitu jaribu thina ya laka, ikilainika ni laka. Zote zikigoma hiyo huenda ni vanishi ya mafuta, hapo utahitaji dawa ya kutoa rangi na kikwanguo. Fanya utuambie.

BabaRehema_Arua:
Hivyo vitundu usivipuuze. Weka karatasi nyeusi chini ya huo mguu wiki moja usiisogeze. Ukikuta unga mpya kama wa muhogo, wadudu bado wako ndani, nunua dawa ya mbao uipige kwa bomba la sindano kitundu kwa kitundu. Kama hakuna unga ni makovu ya zamani, ziba tu kwa nta. Kiini cha mvule wadudu hawakipendi, mara nyingi wanakula ile sehemu nyeupe ya pembeni ambayo fundi aliiacha.

NaimaJinja:
Nimejaribu leo asubuhi!! Imenata, pamba imetoka kahawia kama chai ya rangi, na pale nilipofuta nyuzi za mbao zimeonekana, jamani sikujua chini kuna rangi nzuri hivyo. Unga kwenye karatasi bado sijaona.

SeremalaNdeeba:
Basi ni shelaki na kazi imekuwa nyepesi. Spiriti na stili wuli laini (nyuzi za chuma za kusugulia), kipande kidogo kidogo, unalainisha unafuta na kitambaa kabla haijakauka, msasa karibu huuhitaji. Palipobaki mikwaruzo pitisha msasa namba 180 kisha 240 kwa mkono, ufuate nyuzi, usikate katikati yake. Hizo duara nyeupe ni unyevu ulioingia kwenye shelaki yenyewe, nyingi zitaondoka nayo.

Kurudishia: shelaki mpya inapendeza zaidi ila joto la birika haiwezi. Kama utaweka vyombo vya moto piga vanishi ya poliyurethani kwa juu, lakini mvule una mafuta yake yanayochelewesha vanishi kukauka, watu wanalia siku tatu bado inanata. Futa na thina kwanza, paka tabaka moja nyembamba ya shelaki isiyo na nta, ikauke, ndipo vanishi. Na mvua hizi usipake jioni, anza saa nne asubuhi jua likishatoa unyevu.

MamaHamza_Tororo:
Dada ukishika msasa funga barakoa ya vumbi, si leso. Vumbi la mvule mimi liliniwasha macho na kifua kikabana usiku mzima, na nilikuwa napiga msasa kiti kimoja tu. Fanya nje, na hiyo spiriti iwe mbali na sigiri. Na kwa wengine wanaosoma hapa, fanicha ya zamani iliyopakwa rangi usiikwangue kavu, rangi za zamani nyingi zina risasi na watoto wanavuta hilo vumbi. Halafu matambara yaliyofutia mafuta ya linsidi, yale ya kupaka mbao, usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, yanapata moto yenyewe. Yaanike yakauke.

NaimaJinja:
Asante mama, barakoa nanunua kesho. Sasa bawaba, skrubu zinazunguka tu hazishiki, niweke kubwa zaidi?

SeremalaNdeeba:
Hapana, skrubu kubwa itapasua fremu. Toa ile ya zamani, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, vunja zilingane na uso, subiri mpaka kesho yake, halafu rudisha skrubu ileile. Na bawaba kama ni za shaba usizitupe, zisugue na limau na chumvi uzisuuze vizuri.