Gumzo la ukoo: kumlilia mtu wa kwenye riwaya

Mama Nasra: Asalam aleikum wanandugu. Jamani jana saa saba usiku nimemkuta Nasra kakaa kitandani analia kwa kwikwi, nikajua kuna msiba. Kumbe kamaliza kusoma ile riwaya ya Rosa Mistika. Leo macho yamevimba, baba yake anasema hadithi ya kutunga ndo imlize mtu hivi? Nami sina jibu

Baba Mdogo Rashidi: Waaleikum salaam shemeji. Kaka ana hoja. Rosa hakuzaliwa wala hakuzikwa, hana kaburi kwao Ukerewe wala popote. Mtoto anamlilia nani? Ajali na mafuriko tunaviona kwenye taarifa ya habari huku tunakula na hatudondoshi chozi

Fetty: Shikamoo baba mdogo. Mi naona umejijibu hapo hapo. Kwenye taarifa wanasema basi limepinduka, watu kadhaa wamefariki, wanahamia michezo. Rosa umekaa naye tangu yuko kwao, baba yake anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, ukaenda naye shule, ukamuona anavyoharibikiwa kidogo kidogo, afu mwisho anajiua. Huyo ushamjua, lazima uumie

Rashidi: Marahaba. Nimjueje mtu ambaye hayupo

Mwalimu Abdala: Rashidi swali lako limewasumbua wasomi. Colin Radford, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1975 aliandika makala nzima anauliza inakuwaje tunaguswa na yaliyompata Anna Karenina, yule mwanamke wa riwaya ya Tolstoy anayejitupa kwenye reli, wakati tunajua fika hayupo. Mfano wake mmoja ni huu, mtu akusimulie dada yake kapatwa na balaa zito, uumie kabisa, halafu akwambie mimi sina hata dada. Huruma yote inakata palepale na unaweza ukakasirika. Sasa kwa nini kwenye riwaya haikati? Yeye akamalizia kwamba hapo binadamu tunajipinga wenyewe

Rashidi: Huyo bwana niko naye

Mwalimu Abdala: Mimi siko naye. Anayekudanganya kuhusu dada yake amekuchezea, pengine ulishaanza kutafuta nauli ukamuone mgonjwa. Riwaya haijakudanganya, umeifungua mwenyewe unajua ni ya kutunga. Na hakuna anachokudai, huchangi, huendi popote, hujiulizi utasaidiaje. Kazi yako ni kumuona yule mtu basi, na ukimuona sawasawa machozi yanakuja

Shangazi Zena: Naomba niseme kitu sijawahi kusema humu. Msiba wa mama mimi sikulia nyote mliniona, ningelia saa ngapi, funguo za stoo ninazo mimi, mchele umepungua naulizwa mimi, turubai halijaja, wageni wa Tanga walale wapi, sukari, mkaa, nani kachanga nani bado, nikikaa chini tu naitwa Zena Zena mpaka arobaini ikapita nikarudi kwangu mkavu. Siku moja naangalia tamthilia ya Kituruki, binti kafungua kabati la mama yake aliyefariki akatoa mtandio akaunusa akaurudisha akaukunja vilevile ulivyokuwa. Wala hakulia yule binti. Mimi nililia mpaka jirani akaja kugonga mlango

Mama Nasra: Wifi 😭 pole sana. Na watu walivyosema Zena ana moyo mgumu

Fetty: Shangazi pole. Nyumba yenye msiba mfiwa ndo hana nafasi ya kulia, yuko zamu

Rashidi: Pole dada, kwa kweli sikujua. Lakini basi ulimlilia mama, sio yule Mturuki. Hapo ntakubali, hadithi inatukumbusha wetu

Shangazi Zena: Nilimlilia mama ndio. Ila na yule binti nilimuonea huruma vilevile Rashidi, siwezi kukutenganishia hili chozi la huyu na hili la yule

Mwalimu Abdala: Tena Nasra ana miaka 16 na hajafiwa na mtu wa karibu, bibi kafa yeye mdogo hamkumbuki. Yeye anamlilia Rosa kwa kuwa ni Rosa. Ile hadithi ya bibi mnaikumbuka, binti kazikwa na wenzie waliomwonea wivu, mti ukaota pale, kila anayeukata unaimba kwa sauti yake? Tulikuwa tunalia wote mkekani na hatukuwa tumezika mtu. Na kesho yake jioni tunaomba hiyo hiyo. Mtoto anajua kifo kipo kabla hakijamgusa, hadithi ndo inamruhusu akisogelee akiwa na bibi pembeni

Fetty: Na bibi alikuwa hamwambii mtu nyamaza, anaendelea na wimbo

Mwalimu Abdala: Kabisa. Kwa hiyo Mama Nasra mtoto asichekwe. Na kwa vile Rosa anajiua, kaa naye, muulize ni wapi pamemuuma zaidi. Umsikilize tu usimhutubie

Mama Nasra: Nimeshamuuliza asubuhi. Anasema ni pale mchumba anamkataa wakati Rosa kashajirekebisha. Anasema, mama, Rosa alikuwa kashabadilika, kwa nini hawakumpa nafasi. Kaongea saa nzima, sijawahi kumsikia akiongea hivyo

Rashidi: Mmh. Hicho kitabu nilikisikia tu kwamba enzi hizo kilipigwa marufuku mashuleni, sijawahi kukisoma. Shemeji, Nasra akimaliza nacho nitumieni, na kaka ntaongea naye mwenyewe

Mama Nasra: Sawa shem. Ila usubiri, ameanza kukisoma upya